Dohani ya chokaa ya enzi za Mjerumani: nitumie kifaa gani kisichoibomoa?

Mwalimu mstaafu, Lushoto

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaishi hapa Lushoto katika nyumba ambayo marehemu baba yangu aliinunua ikiwa tayari ni kongwe, nyumba ya enzi za Mjerumani, wakati mji huu ulipokuwa ukiitwa Wilhelmstal. Kuta zake ni za mawe, na katikati yake inapita dohani ya matofali ya kuchoma inayohudumia majiko mawili ya ukutani, moja la sebuleni na jingine la chumba cha kulala kilicho nyuma ya sebule. Wanaoifahamu Lushoto wanajua kwamba kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya huku milimani si ya kufanyiwa mzaha, kwa hiyo majiko haya tunayatumia kweli, wala hatukuyaacha kama pambo.

Dohani hiyo haijasafishwa kwa miaka isiyopungua kumi. Mwezi uliopita moshi ulianza kurudi sebuleni kila tulipowasha moto, nami nikamwita kijana mmoja anayefanya kazi za paa na mabomba. Alikuja na kipande cha mnyororo alichokifunga kwenye ncha ya nondo, akapanda juu ya paa na kuanza kuutikisa mnyororo huo ndani ya dohani. Masizi yalishuka kwa wingi, na kwa muda nilifurahi. Baada ya dakika chache, hata hivyo, vilianza kushuka pia vipande vya kitu cheupe kinachoelekea ukijivu, vingine vikubwa kama kiganja cha mkono, pamoja na mchanga ambao ukiufikicha kwa vidole unageuka vumbi. Nilimwomba asimame, nikamlipa nusu ya malipo, na tangu siku hiyo hatujawasha moto.

Hapa mtaani nimekwisha kupewa ushauri wa kila aina. Mmoja anasema nitafute brashi ya waya inayozungushwa na drili. Mwingine anasema gunia lililotiwa mawe na kuburutwa kwa kamba linatosha, kwani ndivyo wazee walivyofanya. Wa tatu anasema nimwage chumvi kwenye moto na masizi yatakwisha yenyewe. Kwa maelezo zaidi, tundu la dohani kwa juu ni la mraba, takriban sentimita 25 kwa 25, na nje ya nyumba, chini kabisa ya dohani, kuna kilango kidogo cha chuma kilichoshika kutu ambacho sikumbuki kukiona kikifunguliwa hata siku moja. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni vifaa gani vinavyofaa dohani ya umri huu, na nitajuaje kwamba kifaa fulani ni kikali mno kabla hakijafanya uharibifu.

Fundi mwashi, Njombe

Mwalimu, shikamoo. Vipande vile vyeupe ni lipu ya ndani ya dohani, na ni heri ulimsimamisha yule kijana mapema. Waashi wa zamani, kabla ya kuwapo mabomba ya udongo au ya chuma ya kupitishia moshi, walikuwa wakiipaka dohani kwa ndani kwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga, na mara nyingi waliongeza samadi ya ng'ombe, ile ile ambayo bibi zetu waliitumia kusiriba sakafu. Nyuzi zilizomo katika samadi huishikilia chokaa isipasuke inapopata joto na kupoa. Kazi ya lipu hiyo ni kuziba maungio ya matofali ili moshi na cheche visipate njia ya kupenya hadi kwenye mbao za paa. Ikishaanguka, kinachobaki kati ya moto na mbao zako ni ule udongo wa chokaa uliomo kati ya tofali na tofali, ambao nao kwa umri huo hauna nguvu nyingi.

Mimi katika kazi ya nyumba kongwe hupima kila kifaa kwa jambo moja: kiwe kigumu kuliko uchafu, lakini kiwe laini kuliko ukuta. Mnyororo ni mgumu kuliko vyote viwili, na hauna macho ya kutofautisha masizi na chokaa. Gunia la mawe nalo ni hivyo hivyo, tena lina ubaya wa ziada, kwa kuwa linaweza kukwama mahali dohani inapopinda, na kulitoa itakubidi ubomoe ukuta.

Kwa hiyo, kabla hujanunua chochote, pima ukuta. Ingiza mkono ndani ya jiko la ukutani, juu kidogo pale moshi unapoanza kupanda, futa masizi kwa kitambaa kikavu, kisha kwaruza kwa ukucha ule udongo ulio kati ya matofali mawili. Ikiwa ukucha wako unaondoa mchanga, dohani hiyo isiguswe na chuma cha aina yoyote, iwe waya, nondo au mnyororo. Ikiwa ukucha hauondoi kitu lakini ufunguo wa mlango unaacha mfereji, brashi ya nailoni yenye ugumu wa wastani inaweza kuvumilika. Ikiwa hata ufunguo hauachi alama, hapo ndipo tunapoweza kuzungumzia waya bapa, ingawa kwa nyumba ya enzi hizo sitarajii kuona hali hiyo.

Kisha pima uchafu wenyewe. Chukua kioo kidogo na tochi, ulaze kioo ndani ya jiko kikielekea juu, uangalie, halafu kwaruza kwa kijiti cha mwanzi. Masizi makavu hudondoka kama unga wa mkaa, na hayo hayahitaji nguvu yoyote. Aina ya pili hutoka kwa magamba meusi kama maganda ya mti. Aina ya tatu hung'aa kama lami iliyokauka na kijiti huteleza juu yake. Hiyo ya tatu ukiikuta, simamisha kazi na utuandikie tena, kwa sababu brashi laini haitaiondoa, na brashi kali itaondoka nayo pamoja na lipu.

Kuhusu brashi, kwa tundu la mraba tafuta ya mraba au ya mviringo yenye nyuzi laini na ndefu kuliko nafasi iliyopo. Hapa watu wengi hukosea. Brashi ya waya lazima ilingane na tundu, kwa kuwa waya haupindi kwa urahisi, lakini brashi ya nyuzi laini inapaswa kuzidi tundu ili nyuzi zipinde na kufagia kwa ubavu wake, na zifike kwenye pembe nne. Wafagiaji wa Uingereza kwa miaka mingi wameingiza brashi yenye upana wa inchi 16 katika tundu la inchi 9, na haikudhuru kitu, kwa kuwa nyuzi zake zilitoka kwenye mti wa jamii ya mvumo na zilikuwa zinapinda. Wewe uko mkoa wa Tanga, ambako mkonge umelimwa tangu mwaka 1893, kwa hiyo nyuzi hazitakusumbua. Chukua waya mnene ukunje mara mbili, panga nyuzi za katani zilizokatwa urefu wa sentimita 40 katikati ya waya hizo mbili, bana ncha moja kwenye jiriwa na uisokote nyingine hadi nyuzi zijipange pande zote kama mkia wa paka aliyekasirika. Fundi yeyote wa vyuma ataimaliza kazi hiyo asubuhi moja. Hakikisha tu kwamba ncha za waya zimekunjwa na kufungwa kitambaa zisije zikakwaruza.

Njia iliyo salama kuliko zote kwa ukuta dhaifu ni ya kamba mbili. Funga kamba moja juu ya brashi na nyingine chini yake, mtu mmoja akae juu ya paa na mwingine chini kwenye jiko, mvutane polepole, sentimita 50 kwa wakati mmoja, kupanda na kushuka. Brashi inabaki katikati ya tundu, na hakuna fimbo inayogonga ukuta kwa pembeni. Kama utatumia fimbo za plastiki zinazoungana kwa skrubu, zizungushe kila mara kuelekea upande wa kukaza tu, yaani upande mishale ya saa inakokwenda, kwani ukizungusha kinyume hata mara chache brashi itafunguka na kubaki huko juu.

Maji, tindikali na mashine ya upepo wa kompresa visikaribie kabisa. Tindikali huiyeyusha chokaa mbele ya macho yako, na maji yakichanganyika na masizi hutengeneza rojo chungu linalonywewa na matofali na kutokeza madoa ya kahawia upande wa pili wa ukuta, madoa ambayo hakuna rangi itakayoyaficha.

Mtunza majengo, Bremen

Ndugu Mwalimu, pole kwa usumbufu. Mimi ni mzaliwa wa Muheza ninayefanya kazi ya kutunza majengo ya zamani huku Ujerumani, na kila mwaka ndiye ninayemfungulia milango mfagiaji wa dohani. Huku kazi hiyo inasimamiwa kwa sheria: mfagiaji aliyepewa dhamana ya wilaya hukagua majiko ya kila nyumba mara mbili katika kila kipindi cha miaka saba, na kazi ya kufagia yenyewe ina ratiba yake. Nimelitaja hilo kwa sababu nyumba yako ilijengwa na watu waliokuwa na mazoea hayo, na ule mlango wako mdogo wa chuma ni sehemu ya mazoea hayo.

Mlango ule ndiko masizi yanakotolewa. Mfagiaji wa Kijerumani hafanyi kazi kutokea sebuleni akisukuma brashi juu kama Waingereza. Yeye hupanda paani akashusha kamba yenye brashi ya duara iliyochanua kama nyota, na chini ya brashi hiyo hufungwa tufe la chuma. Masizi huanguka hadi chini kabisa, chini ya usawa wa jiko, na hutolewa kwa kupitia kilango hicho. Kama hakijafunguliwa kwa miaka mingi, inawezekana shimo lile limejaa kiasi cha kuziba njia, na huenda hiyo ndiyo sababu ya moshi wako kurudi sebuleni, kabla hata hujafikiria uchafu wa huko juu. Kifungue kwanza. Tumia mafuta mepesi na subira ya siku mbili tatu. Usikigonge kwa nyundo, kwa sababu fremu yake imeshikwa na chokaa ile ile dhaifu, na ukiilegeza fremu hewa itaingia kwa chini na kuharibu mvuto wa dohani nzima. Kwa sababu hiyo hiyo lazima kifungike vizuri baada ya kazi.

Kuhusu tufe la chuma, nimeona watu wakidhani kwamba kazi yake ni kugonga uchafu. Kazi yake ni uzito tu, ili kamba inyooke na brashi ishuke kwa haki. Mfagiaji wetu anapofika kwenye jengo lenye dohani kongwe isiyo na bomba la ndani, hubadilisha brashi na kuchukua iliyo laini zaidi, kisha hushusha kamba taratibu huku akiuweka mkono wake katikati kabisa ya tundu. Njia ya Fundi ya kamba mbili inafanya kazi ile ile bila tufe, nami kwa hali yako naiona kuwa bora.

Kuna jambo jingine la kuhakikisha. Umesema dohani ni moja kwa majiko mawili. Shusha tochi iliyofungwa kamba kutoka juu, na mtu aangalie chini kwa kioo katika jiko moja, kisha jingine. Ikiwa mwanga unaonekana katika jiko moja tu, basi ndani ya dohani hiyo kuna njia mbili zilizotengwa kwa ukuta mwembamba wa tofali, na ukuta huo wa kati ndio unaokuwa wa kwanza kuumia mtu anapotikisa mnyororo.

Mwisho ni usalama wa mwili. Daktari Percivall Pott wa London aliandika tangu mwaka 1775 juu ya saratani iliyowapata wafagiaji wa dohani kwa sababu ya masizi, na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeyaweka masizi ya kazi hiyo katika orodha ya vitu vinavyothibitika kuleta saratani. Kitambaa kilicholowanishwa na kufungwa puani hakitoshi. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, glavu na nguo za mikono mirefu, na uoge mara baada ya kazi. Mashine ya kawaida ya kufyonzea vumbi ya nyumbani usiitumie, maana chujio lake huyapitisha masizi laini na kuyatawanya chumbani. Ziba mdomo wa jiko kwa turubai, na uyazoe masizi kwa koleo polepole.

Mkazi wa Limuru

Ndugu wa Lushoto, nakuandikia kwa sababu kosa ulilolikwepa mimi nililifanya. Nyumba yetu ni ya walowezi wa enzi za mkoloni, nayo ina dohani ya matofali laini iliyounganishwa kwa chokaa. Miaka sita iliyopita nilimwajiri mtu aliyekuja na drili na brashi ya waya inayozunguka. Alimaliza kazi kwa dakika ishirini, akanionyesha kwa tochi matofali yaliyong'aa utadhani yametoka tanuuni jana, nami nikamlipa na kumwongezea. Mwezi uliofuata chumba cha watoto cha ghorofani kilianza kunuka moshi, na ukutani pakatokea doa la kahawia lililokuwa likipanuka kila juma. Brashi ile ilikuwa imechimba maungio kwa kina cha kidole. Tulikuwa na bahati kwamba tulinusa moshi, kwa maana hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu na ingeweza kupenya njia hiyo hiyo tukiwa usingizini. Hatimaye ilitubidi kuingiza bomba la chuma kisichoshika kutu ndani ya dohani yote, gharama ambayo ingeninunulia ng'ombe kadhaa wa maziwa. Bomba hilo nalo lina masharti yake: hufagiwa kwa brashi ya plastiki tu, kwa sababu brashi ya chuma cha kawaida huacha chembechembe zinazoshika kutu na kulitoboa.

Kwa heshima zote, kuna jambo moja ambalo sikubaliani na Fundi. Brashi ya katani ni nzuri kwa masizi makavu, lakini hulegea ikipata unyevu, na huku kwetu kwenye ukungu dohani huwa na unyevu miezi mingi ya mwaka. Masizi yakiwa ya magamba, katani itapita juu yake na kuyapapasa tu. Mimi ningependekeza nailoni, ile yenye nyuzi nyembamba, ambayo haibadiliki ikilowa. Ila isitumike dohani ikiwa na joto, kwani plastiki ya brashi hizi hulainika na kuyeyuka kwa joto. Acha jiko lipoe siku mbili kamili.

Chumvi iache jikoni. Haiondoi masizi, bali hula chuma cha kilango chako na huingia ukutani na kuvuta unyevu, kisha hutoka kwa nje kama unga mweupe unaobandua rangi. Na kama utakuta ile lami inayong'aa aliyoitaja Fundi, usidhani utaichoma kwa moto mkubwa. Hiyo ndiyo inayowaka ndani ya dohani kwa mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, na joto lake hupita nyuzi 1,000. Jirani yangu mmoja alipoteza nusu ya paa kwa namna hiyo.

Angalia pia kuni. Tulikuwa tukichoma saiprasi na mkaratusi uliokatwa wiki hiyo hiyo, halafu tukishangaa lami inatoka wapi. Sasa tunachoma muwati uliopasuliwa na kukaa chini ya kibanda mwaka mzima, na brashi haina kazi kubwa ya kufanya. Halafu kabla hujaingiza brashi, sikiliza kwanza mchana wa jua kama hakuna nyuki. Nasema hivi nikiwa na sababu.

Fundi mwashi, Njombe

Ndugu wa Limuru ana haki kuhusu unyevu, nami naongeza kwamba si lazima kuchagua moja. Pitisha ya katani kwanza. Ikiwa kioo kitaonyesha magamba yaliyobaki, na ukucha ulionyesha kwamba ukuta unavumilia, ndipo upitishe nailoni, tena mahali penye magamba tu. Ikiwa ukucha uliondoa mchanga, bora ubaki na magamba machache na ufagie tena baada ya mwaka kuliko kubaki na dohani safi isiyo na lipu. Waliozoea kazi hii huku na kwingine husema kazi ya kufagia ianze uchafu unapofikia unene wa milimita 3, kwa hiyo utando mwembamba hautakuunguzia nyumba ikiwa kuni ni kavu.

Mwalimu mstaafu, Lushoto

Ndugu zangu, nawashukuru nyote, na naona ni wajibu wangu kurudi kueleza yaliyotokea.

Kilango cha chuma kilikubali kufunguka siku ya tatu, baada ya kukipaka mafuta asubuhi na jioni. Ndani tulitoa masizi ya kujaza debe moja na nusu, pamoja na kiota cha mbayuwayu, vipande vya lipu ambavyo bila shaka ni kazi ya ule mnyororo, na kijiko cha chai ambacho hakuna mtu nyumbani anayejua kilifikaje huko. Baada ya hapo tuliwasha karatasi moja tu kwa majaribio, na moshi ulipanda bila kusitasita, ingawa tulikuwa bado hatujagusa kitu huko juu. Ndugu wa Bremen alisema kweli.

Tochi ilionyesha kwamba njia ni mbili. Kile nilichokiita tundu moja kimegawanyika chini kidogo ya paa, na ukuta wa kati una pengo la ukubwa wa nusu tofali. Sina ushahidi kwamba mnyororo ndio uliolitoboa, lakini kingo za pengo hilo ni nyeupe na mpya. Kila njia basi ina upana mdogo kuliko nilivyodhani, na tulilazimika kutengeneza brashi ya pili iliyo nyembamba.

Nilikwaruza maungio kwa ukucha, na mchanga ukatoka. Kwa hiyo nailoni niliiacha dukani. Fundi wa vyuma hapa sokoni alitusokotea brashi mbili za katani, nasi tukangoja siku nne za jua mfululizo, kwa kuuzingatia ule ushauri wa unyevu. Mjukuu wangu alikaa juu ya paa akiwa amefungwa kamba kiunoni na kwenye boriti, mimi nikakaa chini, tukavutana kama wavuvi wawili wenye wavu mmoja. Mara ya kwanza yalishuka masizi mengi, mara ya pili kidogo, na mara ya tatu kiasi cha konzi moja bila hata chembe nyeupe. Hapo tukaacha. Magamba machache bado yamo, nayo nimeyaacha yalivyo.

Baadaye tuliziba sehemu ya juu kwa gunia lililoloweshwa, tukachoma majani mabichi kidogo katika jiko la sebuleni ili tuone moshi utatokea wapi. Ulitokea darini, mahali pamoja, kiasi cha shubiri mbili kutoka kwenye boriti kuu. Tulizima mara moja. Sasa swali langu kwa Fundi: pale darini na kwenye lile pengo la katikati nizibe kwa saruji, au kuna namna nyingine?

Fundi mwashi, Njombe

Mwalimu, saruji hapana. Saruji ni ngumu kuliko tofali lako na haitanuki sawa nalo. Moto ukiwaka litapasuka tofali, na saruji itabaki imesimama peke yake. Tena hufungia unyevu ndani ya ukuta. Tafuta chokaa ya Tanga, iloweke kwenye pipa lililofunikwa kwa wiki mbili au zaidi hadi iwe laini kama siagi, kisha changanya sehemu moja kwa sehemu tatu za mchanga wa mto uliochekechwa, na uongeze samadi kavu kidogo iliyosagwa ikiwa ni kwa ajili ya upande wa ndani. Fagia vumbi kwenye maungio kwa brashi ile ile ya katani, nyunyizia maji kidogo sana pale unapoziba tu, kisha ujaze kwa mwiko mwembamba, tabaka baada ya tabaka, kila moja lisizidi unene wa kidole.

Lile pengo la katikati ni kazi ngumu zaidi, kwani ni lazima mtu atoe matofali mawili upande wa darini ili mkono ufike, na hapo utahitaji mwashi aliye karibu nawe na anayeijua chokaa. Mwulize kwanza atatumia nini kutoa yale matofali. Akikutajia patasi pana na nyundo ndogo, mruhusu aingie; akikutajia mashine ya kukatia, mtafute mwingine.

Chokaa hukauka kwa kunywa hewa, haina haraka kama saruji. Ipe wiki nne, na zaidi ikiwa ukungu utashuka. Moto wa kwanza uwe wa vijiti vya nusu saa, wa pili siku inayofuata uwe mkubwa kidogo, na kabla ya kuwasha wa tatu rudia jaribio la moshi darini. Kile kilango cha chuma kipake grisi kwenye bawaba kabla ya kukifunga, maana mwakani mwezi wa Mei utakihitaji tena.